Mapambo ya Krismasi na Ukuta wa Shule ya Umma

Shule hufungwa mapema Desemba, hivyo Krismasi huwakuta watoto nyumbani. Mapambo, hata hivyo, hutangulia. Mwishoni mwa Novemba, katika baadhi ya madarasa ya huku kwetu Kyela, matawi mabichi hufungwa mlangoni, na watoto wote, wakiwemo wa Kiislamu, huambiwa wakate nyota za karatasi na kuchangia maputo.

Hatushangai. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na shule nyingi za mwanzo zilikuwa zao. Serikali ilipozitaifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, majengo yalibadili mwenyewe, desturi zikabaki.

Ibara ya 19 ya Katiba imeifanya dini kuwa hiari ya mtu binafsi. Tunavyoielewa sisi, mtoto wa jirani yetu Mkristo ana haki ya kuifurahia sikukuu yake, lakini mwalimu wa serikali hana haki ya kumkabidhi mtoto wetu mkasi kwa ajili hiyo.

Wapo ndugu wanaotaka nasi tutundike mwezi na nyota wakati wa Idi. Hatuafikiani nao. Idi yetu ni takbira, swala na Zakatul-Fitri, na ukuta ule ni wa wote.

Wazazi, mwoneni mwalimu mkuu kwa adabu, tena kabla ya Novemba. Msiposikilizwa, lifikisheni jambo hili kwenye kamati ya shule, ambamo wazazi wana wawakilishi wao. Mtoto asitumwe kulisema. Mbele ya mwalimu wake hana ubavu huo.