Kwanza Hadubini, Ndipo Dawa

Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, katika fukwe za Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, anaishi samaki mdogo wa jamii ya sikilidi ambaye wafugaji wa samaki wa mapambo humwita kwa jina lake la kisayansi, Tropheus. Sayansi ilimtambua mwaka 1898. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki wa ziwa hilo kutoka Bujumbura, na leo Tropheus anafugwa Ulaya, Marekani na Asia kwa ajili ya rangi zake.

Sifa yake ni rangi, lakini udhaifu wake ni tumbo. Ziwani hula mwani anaoukwangua kwenye mawe, hivyo ana utumbo mrefu sana, uliojikunja mara nyingi, wa kumeng'enya mimea polepole. Akilishwa nyama na mabuu ya wadudu, au akisumbuliwa na safari na msongamano, mara nyingi huugua. Huanza kwa kutema chakula. Kisha hujitenga pembeni, rangi ikafifia, kinyesi kikawa cheupe, chembamba na cha utelezi. Tumbo likishavimba, nafasi ya kumponya ni ndogo.

Hapo ndipo wafugaji wengi hukimbilia dawa ya minyoo, na hapo ndipo samaki wengi hupotea. Kinyesi cheupe hakimtaji mdudu yeyote. Kinaonyesha tu kwamba utumbo umewaka na unatoa ute, au kwamba samaki hajala kwa siku kadhaa. Chanzo kinaweza kuwa kimelea cha seli moja, mnyoo wa duara, tegu, bakteria, au chakula kibaya tu. Dawa inayomuua mmoja mara nyingi haimgusi mwingine.

Njia ya uhakika ni kutazama. Kinyesi kibichi huchukuliwa kwa mrija mara tu samaki anapokitoa, tone lake likawekwa kwenye kioo pamoja na maji ya tangi lenyewe, likafunikwa na kuwekwa chini ya hadubini. Kwa ukuzaji wa mara 100 mayai ya minyoo huonekana; yale ya Capillaria, mnyoo anayewasumbua sana samaki aina ya diskasi na malaika (angelfish), yana kizibo kila ncha na hayasahauliki. Kwa mara 400 huonekana vimelea vya seli moja kama Spironucleus, vikikimbia huku na huko kwa vijimkia vyao. Hivi vinahitaji haraka, kwa kuwa sampuli ikikaa vinaacha kutembea na kutambulika kunakuwa kugumu. Na visipoonekana mara ya kwanza, haimaanishi kuwa havipo.

Wingi wa vimelea nao una maana. Vimelea vichache huishi katika utumbo wa samaki mzima bila kumdhuru. Vikijaa kila mahali chini ya lenzi, ndipo ugonjwa upo. Tangi zima likiugua, daktari wa mifugo anaweza kushauri samaki mmoja aliye mahututi auawe bila mateso na utumbo wake upasuliwe papo hapo. Ni uamuzi mzito kwa mtu anayewapenda samaki wake, lakini ndiyo njia inayotoa jibu lililo wazi zaidi, na huwaokoa waliobaki.

Kuna mnyoo asiyehitaji hadubini. Camallanus, anayewapenda sana samaki aina ya gapi, hujitokeza kwenye tundu la haja kama nyuzi fupi nyekundu samaki anapotulia, kisha hurudi ndani anapoogelea. Huzaa watoto walio hai badala ya mayai, na kwenye tangi huambukiza samaki mwingine bila kulazimika kupitia kiumbe wa kati. Ndiyo maana akionekana kwa mmoja, wote hutibiwa.

Dawa zenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Metronidazoli, ambayo wagonjwa wa amiba wanaijua kwa jina la Flagyl, ndiyo ya vimelea vya seli moja. Samaki akiwa bado anakula, huchanganywa na chakula, miligramu 10 kwa kila gramu, kwa siku 5, kwa sababu hivyo inafika utumboni moja kwa moja. Akishakataa chakula, hutiwa majini kiasi cha miligramu 6.6 kwa lita kila siku kwa siku 3. Kidonge cha miligramu 200 kinatosha lita 30 hivi. Minyoo ya duara kama Camallanus hutibiwa kwa levamisoli, ile wanayopewa mbuzi na ng'ombe, miligramu 2 kwa lita kwa saa 24. Haiui minyoo bali huipoozesha, kwa hiyo sakafu ya tangi lazima inyonywe na maji yabadilishwe kabla haijazinduka, na dozi irudiwe baada ya wiki 2 au 3. Tegu huondolewa kwa prazikuanteli, dawa ya kichocho.

Kabla ya yote, mkaa hutolewa kwenye chujio, maana hufyonza dawa, na ujazo wa maji hupimwa kwa kuondoa nafasi ya mawe na mchanga. Aivamektini, iliyojaa katika maduka ya pembejeo, isitiwe kwenye tangi: pengo kati ya kiasi kinachotibu na kinachoua samaki ni dogo mno. Metronidazoli nayo isipewe sato au samaki yeyote wa kuliwa. Marekani na Umoja wa Ulaya zimepiga marufuku kuitumia kwa wanyama wa chakula.

Samaki mgeni akae peke yake kwa siku 30, kinyesi chake kikichunguzwa, kabla hajachanganywa na wenzake. Tropheus aliyepona hurudishwa kwenye chakula chenye spirulina na mboga, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.