Aliyesomea uzee ana kazi maktabani

Kijana aliyetumia miaka kadhaa kutafiti maisha ya wazee akisema anahamia maktaba ya mtaa, jamaa humwonea huruma. Huona ameshuka cheo. Sisi tunasema hajashuka. Amekwenda pale elimu yake inapohitajika.

Tuchukue mfano wa Jeddah, Saudi Arabia. Kusini ya mtaa wa Al-Baghdadiyah kuna Al-Balad, mji mkongwe ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2014. Humo imo Nyumba ya Nassif, maarufu kwa mwarobaini wake. Mwenye nyumba, Sheikh Muhammad Nassif, alikusanya vitabu vipatavyo 16,000 na kuwaruhusu wageni wavisome. Alifariki mwaka 1971, na baadaye vitabu vikahamishiwa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz. Vitabu vilisalimika, lakini kwa mzee wa jirani chuo kikuu si baraza.

Aliyesomea uzee analielewa hilo haraka. Anajua kwamba macho huanza kushindwa na herufi ndogo mtu akiwa na miaka arobaini na kitu. Anajua kwamba goti bovu haliwezi ngazi, na kwamba mzee asiyejua kusoma hatakiri mbele ya wajukuu. Amezoea kumsikiliza mtu saa nzima bila kumkatiza. Basi maktaba yake itakuwa na vitabu vya herufi kubwa, chumba cha chini, viti vyenye mgongo, saa ya kusomewa gazeti na kinasa sauti. Kuorodhesha na kupanga vitabu atajifunza. Tanzania kuna chuo cha ukutubi Bagamoyo.

Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, ikamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni watu wote waliofikia miaka 70. Kwa upande wa fedha hatua imepigwa. Lakini maktaba zetu nyingi ni za wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Mzee akiingia, huulizwa anamtafuta nani.

Sisi tulio ughaibuni tumewazika wazee wetu kwa simu. Waliyoyajua hatukuyapata. Laiti mtaani kwao kungekuwa na mtu mmoja wa kukaa nao, kuuliza na kuandika, leo tungekuwa na pa kwenda kusoma.