Kura ya Mkono Mmoja

Machimboni karibu na Katoro, katika Mkoa wa Geita, wachimbaji huungana kuchimba duara moja. Kwanza hupatana jinsi watakavyogawana mawe yenye dhahabu. Mapatano yakishikwa, ushirika hudumu; yakivunjwa, aliyedhulumiwa hutaka kutoka. Nchi nazo zina habari kama hiyo, na mfano ulio karibu ni Sudani Kusini.

Sudani ilipata uhuru mwaka 1956, kaskazini na kusini zikiwa nchi moja. Lakini vita vilikwisha kuanza mwaka 1955, maana kazi kubwa za serikali walizoziacha Waingereza karibu zote zilipewa watu wa kaskazini. Mwaka 1972 serikali ya Rais Nimeiry ilipatana na watu wa kusini, wakapewa mamlaka ya kuendesha mambo yao. Mwaka 1983 Nimeiry mwenyewe aliyatangua mapatano hayo, akaweka sheria ya Kiislamu nchi nzima, ingawa wengi wa kusini hawakuwa Waislamu. Tena mafuta yalikuwa yamevumbuliwa kusini, nao wakahofu kunyang'anywa. Vita vikarudi, vikadumu miaka 22.

Mwaka 2005 pande mbili zilitia sahihi mkataba wa amani mjini Nairobi, kwamba baada ya miaka sita watu wa kusini watachagua kukaa au kutoka. Kura ilipigwa Januari 2011. Ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua, karatasi ilikuwa na picha: mikono miwili iliyoshikana, maana yake umoja, na mkono mmoja ulioinuliwa, maana yake kutengana. Karibu watu 99 katika kila 100 walichagua mkono mmoja. Tarehe 9 Julai 2011 nchi mpya ikazaliwa.

Basi, hawakutoka kwa ugomvi wa siku moja. Walitoka kwa kuwa ahadi zilivunjwa hata wakaacha kuziamini. Walakini kutoka si mwisho wa taabu: Desemba 2013 wakuu wa nchi hiyo walianza kupigana wao kwa wao, na watu wengi wakakimbilia Uganda na kwingineko.

Tena kutoka si kuchukia kila umoja. Sudani Kusini iliomba kwa hiari yake kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2016 ikapokewa. Mkataba ulitiwa sahihi Dar es Salaam na Rais Salva Kiir pamoja na Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, jirani ya Katoro. Watu hawakatai kuungana. Hukataa kufungwa pamoja na asiyetimiza neno lake.