Kuhamisha Yaliyomo Simuni Upatapo Kompyuta Mpya



Siku hizi simu ya mkulima ndiyo daftari lake. Ndani yake mna hesabu ya pishi za wachumaji, picha za stakabadhi za mauzo, namba za wanunuzi, na pengine picha ya marehemu mzazi ambayo haina ya pili. Wengi wetu huweka nakala ya hayo katika kompyuta. Kompyuta hiyo ikichakaa na nyingine ikanunuliwa, ndipo mali hiyo inapoweza kupotea.

Twachukua mfano wa Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, maana wenzetu wa Morogoro nao hulima karafuu katika miteremko ya milima hiyo. Kisaki pana stesheni ya reli ya TAZARA, lakini kwenda Morogoro mjini kwa gari ni safari ndefu, na wakati wa masika ni ya tope. Mtu wa huko hawezi kukimbilia kwa fundi kila akwamapo, wala si vema ategemee intaneti peke yake, kwa kuwa picha za miaka mingi hula bando kubwa. Waya hautaki bando. Basi na afuate taratibu hii, nasi wa visiwani yatufaa vilevile.

Kwanza, ajue kila kitu kinakaa wapi. Majina ya watu mara nyingi yamo katika akaunti ya Google, na picha zimo simuni. Lakini nakala ya iPhone iliyofanywa kwa waya imo katika kompyuta ile ile ya zamani. Akiiuza kompyuta, ameiuza na nakala.

Pili, afanye nakala mpya ya simu katika kompyuta ya zamani, kisha ainakili katika diski ya nje. Kwa iPhone, achague nakala inayofungwa kwa neno la siri, kwani isiyofungwa haichukui maneno ya siri yaliyohifadhiwa wala habari za afya. Neno hilo aliandike karatasini na kuliweka mahali pa salama. Akilisahau, nakala haifunguki. Kwa simu ya Android, achomeke waya, achague kuhamisha mafaili, kisha anakili folda iitwayo DCIM, zikaamo picha. Tumesema anakili, asikate, maana waya ukichomoka katikati ya kazi picha zaweza kupotea.

Tatu, iPhone ichomekwapo katika kompyuta mpya, huuliza kama mwenyewe anaiamini kompyuta hiyo. Akubali. Lakini akiulizwa kama nyimbo na filamu za simuni zifutwe ili ziwekwe za kompyuta mpya, akatae kabisa.

Nne, ahakikishe. Ahesabu mafaili ya pande zote mbili, kisha afungue machache: ya zamani, ya katikati na ya jana. Hapana mtu abomoaye ghala la zamani kabla ya kuona magunia yote yamefika katika jipya.

Tano, katika WhatsApp ya simu atazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa, akaitoe kompyuta ya zamani. Asipofanya hivyo, atakayeinunua aweza kusoma mazungumzo yake. Baada ya hapo ndipo aifute kompyuta hiyo yote.

Wako waulizao juu ya pesa za simu. Pesa hizo hazimo simuni wala katika kompyuta. Hesabu yake iko kwa kampuni, nayo hufuata namba iliyosajiliwa. Kwa hiyo kubadili kompyuta hakuzigusi. Lakini namba ya siri isiandikwe kamwe katika faili la kompyuta.

Mwisho, twawashauri diski ya nje isikae nyumba moja na kompyuta. Aliyeko Kisaki aweza kuiweka kwa ndugu yake Morogoro, na aliyeko shamba Pemba kwa jamaa yake mjini. Moto au mwizi akiingia nyumba moja, hesabu za msimu zitakuwa salama katika nyingine.