Kobalti ya Kolwezi: kufunga mlango ili bei ipande

Huko Musonoi watu huuliza: kwa nini serikali ilizuia kobalti isiuzwe nje?

Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mali ikijaa sokoni bei huanguka, kama nyanya wakati wa mavuno. Kwa hiyo tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo ya nje kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda. Kuanzia 16 Oktoba iliweka kiwango. Kwa 2026 na 2027 ni tani 96,600 kila mwaka. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili.

Watetezi wa biashara huria huonya: mlango ukifungwa, mnunuzi hubisha kwingine. Indonesia nayo inayo kobalti, na ziko betri zisizoihitaji. Wengine hujibu: mali ya nchi isiuzwe kwa bei ya kutupa.

Lakini kampuni kubwa huweza kuweka mali ghalani na kungoja. Mchimbaji wa mikono hula alichouza leo. Basi tuombe, na tuulize pia: bei hii njema imefika kwenye sufuria yake?