Mpira Niliouona kwa Masikio

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Kiswahili nchini Kenya anaijua sentensi hii: "Wanafunzi walisakata kabumbu." Katika insha hakuna mtu achezaye mpira, wote husakata kabumbu, tena kwa kufa na kupona, na mwisho mfungaji hubebwa juu juu hadi nyumbani kwao. Kwa miaka mingi niliyoishika kalamu nyekundu niliizoea sentensi hiyo hata nikawa naipa alama yake kabla sijaimaliza. Jumamosi moja nilikuwa nasahihisha huku redio inanguruma kando yangu, nikamwandikia mtoto wa watu pambizoni: "Pasi nzuri, ila umechelewa kupiga." Kumbe maskini alikuwa anaeleza harusi ya dada yake. Jumatatu asubuhi baba mtu alikuwa mlangoni pa ofisi, daftari mkononi, anataka kujua ni nani aliyechelewa, na alichelewa kupiga nini.

Nimeanza na aibu hiyo ili msomaji ajue mapema anazungumza na mtu wa namna gani. Mimi ni mgonjwa wa mpira, na ugonjwa wenyewe sikuupata uwanjani. Uwanjani nilikuwa beki, na nilipewa nafasi hiyo kwa sababu moja tu: sikupenda kukimbia. Kiwanja chetu cha Majoreni kilikuwa na milingoti ya boriti za mikoko, na mpira wetu ulikuwa wa matambara yaliyokazwa kwa kamba za makumbi. Lango moja lilielekea minazini, la pili pwani. Mshambuliaji mwenye nguvu kuliko akili akiupaisha juu ya lango la pwani wakati maji yamejaa, basi mchezo ulisimama. Tulikaa chini ya mwembe tukasubiri maji yapwe, ndipo mmoja wetu akaingia matopeni, miguu ikikwaruzwa na mizizi ya mikoko, akaurudisha ukiwa mzito kama jiwe la kusagia. Sheria za kimataifa zinasema mapumziko ni dakika kumi na tano. Kwetu mapumziko aliyaamua mwezi.

Ugonjwa, nasema, niliupatia masikioni. Majoreni iko kusini kabisa, baina ya Shimoni na Vanga, mahali ambapo Tanga ni karibu kuliko Malindi, na Nairobi ni jina la mahali wanakokaa wakubwa. Magazeti yalipotufikia habari zake zilikuwa zimeshachacha. Runinga hatukuwa nayo. Tulikuwa na redio moja ndogo, nayo ilikula mawe kuliko mtoto alavyo maembe. Mawe yakichoka tuliyaanika juani tangu asubuhi, yapate nguvu za kutufikisha angaa kipindi cha pili. Mara ngapi sauti ilikatika mtu anapochukua mpira nje ya kisanduku! Tulibaki tunatazamana, na kila mmoja akamalizia lile shambulio apendavyo.

Sauti yenyewe mara nyingi ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, Mungu amrehemu. Wasomaji vijana wanamkumbuka kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Uungwana?", lakini sisi wa umri huu tulimjua kwanza kama macho yetu. Alikuwa na uwezo wa kukueleza mpira uko wapi, nani anaufuata, na upepo unavuma upande upi, yote kwa pumzi moja, bila ya sentensi kuanguka. Nimesoma vitabu vingi vya sarufi tangu wakati huo. Sikumbuki hata kimoja kilichonifunza matumizi ya viambishi vya mahali kama nilivyofunzwa na mpira wa redioni, ambapo kosa dogo la "pale" na "kule" lingemfanya msikilizaji wa Majoreni amwone beki amesimama langoni mwa adui.

Kusikiliza kuna raha yake ambayo mtazamaji wa leo haijui. Bao likifungwa, watu ishirini chini ya mwembe waliona mabao ishirini. Mmoja aliapa ni mguu wa kushoto, mwingine ni kichwa, na kwa kuwa hapakuwa na picha ya kurudiwa, wote walikuwa na haki. Nilipokuja baadaye kumwona kwa macho mchezaji mmoja niliyempenda redioni, nilihuzunika. Masikioni mwangu alikuwa mrefu kama mnazi.

Desemba 1987 ndipo ugonjwa ulipokuwa wa kudumu. Miezi michache nyuma, Agosti, Harambee Stars ilikuwa imefika fainali ya Michezo ya Afrika mjini Nairobi ikafungwa na Misri bao 1-0, nami nikaapa kuachana na mpira. Hicho kilikuwa kiapo changu cha kwanza. Vilivyofuata sina haja ya kuvihesabu. Halafu Gor Mahia wakaenda Tunis wakatoka sare ya 2-2 na Espérance, wakarudi Nairobi wakatoka sare tena, 1-1, wakatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Babu yangu, aliyekuwa mvuvi na mtu wa hesabu kali, hakukubali kamwe. Aliuliza itakuwaje watu watoke sare mara mbili kisha mmoja apewe kombe. Nikamweleza kwamba bao la ugenini lina uzito zaidi. Akanitazama sana, akasema kwamba yeye samaki wa Vanga na samaki wa Shimoni huwauza kwa mizani moja.

Sasa hapo inanibidi nikiri jambo ambalo baadhi ya wasomaji wa Nairobi hawatalipenda. Redio yetu ilikuwa na mapenzi mawili. Jioni nyingi sauti ya Nairobi ilikuja imechoka, imejaa mchanga, ilhali Radio Tanzania Dar es Salaam iliingia safi kama mtu aliyeketi barazani. Kwa hiyo nilikua nikijua wachezaji wa Simba na Yanga sawasawa na wa Gor na Ingwe. Nilijua kwamba Yanga ilizaliwa 1935 na Simba mwaka uliofuata, na kwamba Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland hadi 1971. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka sare tasa kule Abidjan na Stella, kisha ikafungwa 2-0 nyumbani Dar es Salaam, Majoreni palikuwa na watu waliokosa chakula cha usiku. Pasipoti hawakuwa nayo, lakini huzuni haikusimamishwa Horohoro ikaguliwe.

Dada yangu naye hakusimamishwa. Aliolewa Jasini, ng'ambo ya mpaka, na mumewe, shemeji yangu, ni Yanga wa kuzaliwa na Taifa Stars wa kufa. Kwa miaka mingi utani wetu ulikuwa ndio chumvi ya kila Idi. Akija Majoreni huniuliza kwanza hali ya Harambee Stars, halafu ya mama. Alikuwa na mengi ya kunichekea. Fainali za Mataifa ya Afrika za 1996 tulipewa tukanyang'anywa, zikaenda Afrika Kusini. Mashindano ya CHAN ya 2018 nayo tulipewa tukanyang'anywa, yakaenda Moroko. "Nyinyi," aliniambia, "mmekuwa kama bwana harusi anayefunga ndoa kila mwaka, na kila mwaka bibi harusi huondoka na mgeni."

Miaka hiyo mabanda ya video yalikuwa yameshatufikia, yale ambayo wenzetu wa Tanzania huyaita vibanda umiza, na anayebisha jina hilo hajapata kukaa saa mbili katika ubao mmoja na watu kumi na wanne. Vijana wetu wakawa Arsenal, Manchester na Liverpool. Sina ugomvi nao. Nawakumbusha tu kwamba Mombasa ilikuwa na Liverpool yake, na kwamba klabu ya Feisal ya mji huo huo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Hawanisikilizi. Juni mosi, 2019, Divock Origi alipofunga bao la pili la Liverpool katika fainali ya Ulaya dhidi ya Tottenham, banda zima lilimdai kuwa ni wetu. Ni kweli babake, Mike Okoth Origi, alichezea Harambee Stars. Mtoto lakini alizaliwa Ubelgiji na alichezea Ubelgiji. Nahodha wetu mwenyewe, Victor Wanyama, jioni ile alikuwa upande wa Tottenham, amekaa benchi. Hakuna aliyemtazama.

Siku ishirini na sita baadaye Wanyama alikuwa Cairo, amevaa jezi ya Kenya, na mbele yake walikuwa Tanzania. Ilikuwa tarehe 27 Juni 2019, Kombe la Mataifa ya Afrika. Mpira ulianza saa tano za usiku kwa saa zetu. Simon Msuva akatufunga mapema. Michael Olunga akasawazisha, na kabla hatujaketi Mbwana Samatta akafunga la pili lao. Johanna Omolo akasawazisha tena kwa kichwa. Halafu, dakika ya themanini, Olunga. Tatu kwa mbili. Sikumbuki nilitokaje bandani; nakumbuka kwamba kiatu kimoja sikukiona hadi asubuhi.

Saa saba za usiku nilifanya ninalolijutia. Niliwakusanya vijana pale nje, nikaiweka simu kwa sauti kubwa, nikampigia shemeji. Alipopokea tu, tukamwimbia, wimbo wa kutunga papo hapo, ubeti mmoja kwa kila bao. Upande wa pili hapakuwa na kicheko. Tulipomaliza, ilipita kimya kidogo, kisha akasema, "Usiku mwema, Mwalimu." Akakata.

Miaka yote hajawahi kuniita Mwalimu.

Dada ndiye aliyenieleza baadaye. Kwao walikuwa wamelala, kwani mzee wao alikuwa mgonjwa na walikesha naye kwa zamu. Simu ya saa saba za usiku kutoka ng'ambo, jina la shemeji juu yake, ina habari moja tu. Kabla hajaipokea alikuwa ameshamwamsha mkewe, na dada ameshajifunga kanga, ameanza kumlilia mama yetu. Ndipo sisi tukaimba.

Niliomba radhi, na radhi nilipewa, kama watu wazima wanavyopeana. Lakini Idi ya Agosti mwaka huo hakuja. Zilizofuata alikuja, tukazungumza mvua, bei ya mihogo, masomo ya watoto. Mpira hakuutaja. Februari 2022 FIFA ilipoifungia Kenya, tukakaa hadi Novemba bila ya timu hata ya kufungwa, nilimngojea anicheke. Ningelipa fedha anicheke. Akaniuliza kama minazi yangu imepona wadudu. Na ushindi wenyewe wa Cairo, kama hujui, haukutufikisha popote. Senegal ikatufunga 3-0, Aljeria ikawafunga wao 3-0, tukarudi sote nyumbani. Nilikuwa nimemuuza shemeji kwa pointi tatu zisizonunua kitu.

Ikaja Agosti 2025, CHAN ikachezwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja; mara hii bibi harusi hakuondoka. Harambee Stars ikaifunga Kongo, ikaifunga Moroko 1-0, ikaifunga Zambia, ikatoka sare na Angola. Taifa Stars nao wakaongoza kundi lao, na miongoni mwa waliowafunga ni Madagaska, Bukini ya wazee wetu, 2-1. Nikaanza kuota fainali ya Kenya na Tanzania, na papo hapo nikaiogopa ndoto yangu.

Ijumaa tarehe 22 Agosti ilitosha kuimaliza. Jioni Kenya ikatoka 1-1 na Madagaska, tukatolewa kwa penalti, 4-3. Usiku huo huo, Dar es Salaam, Moroko ikaifunga Tanzania 1-0. Kesho yake Uganda nao wakafungwa na Senegal, wenyeji wote watatu wakawa watazamaji. Wiki moja baadaye Moroko na Madagaska walikutana fainali, Moroko wakashinda 3-2, lakini hayo niliyatazama kwa jicho moja.

Usiku ule wa Ijumaa nilikuwa nimezima taa. Yapata saa nne na nusu simu ikalia, jina la shemeji juu yake. Moyo ulinipasuka. Nilimfikiria dada, nikawafikiria watoto, nikaketi kitandani nikapokea kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema, "usishtuke. Hakuna msiba. Yaani, wa mtu hakuna."

Sikuweza kumjibu mara moja.

"Umelala?"

"Nitalala vipi?"

"Hao Madagaska," akasema, "sisi tuliwafunga."

"Na hao Moroko sisi tuliwafunga."

Akanyamaza, nikamsikia anapiga hesabu. "Basi wangetubadilishia tu," akasema. "Nyinyi mngepewa Moroko, sisi tukapewa Madagaska. Nani aliyepanga ratiba hii?" Tukaanza kumtafuta aliyepanga ratiba, tukatoka hapo tukaingia kwenye penalti, nani alipaswa kupiga na nani hakupaswa. Alipokuwa ananieleza kipa wetu alipokosea kusimama, jambo ambalo kwa hakika hakuliona sawasawa, salio lake likakatika. Nikawasha taa, nikaanza kutafuta kadi ya kumpigia.