Nabii Aliyefungwa na Serikali Mbili

Ukishuka matatu hapa Mlolongo Jumapili asubuhi, utapokewa na vipaza sauti vya makanisa hata usisikie honi za malori ya barabara ya Mombasa. Wahubiri hawaogopi pingu.

Zamani haikuwa hivyo. Huku Ukambani, mwaka 1922, wakoloni walimkamata Ndonye wa Kauti, aliyedai kuzungumza na Mungu, wakampeleka mbali na watu wake. Lakini kisa cha Elijah Masinde wa Bungoma kinashangaza zaidi. Mchezaji kandanda huyu hodari aliacha kanisa la wamisheni, akaongoza Dini ya Msambwa na kuwaambia Wazungu warudi kwao. Mwaka 1945 walimtia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. (Kudai ardhi yako ni wazimu?) Mwaka 1948 wakampeleka kizuizini Lamu, akakaa huko zaidi ya miaka kumi.

Uhuru ukaja. Ungedhani atapewa kiti cha mbele. Wapi! Mwaka 1968 serikali ya Mzee Kenyatta iliipiga marufuku dini yake, na Masinde akaonja tena jela. Alifariki mwaka 1987.

Ukimpata dereva mzee wa Bungoma akipumzisha lori hapa Mlolongo, mwulize. Atakusimulia mpaka chai ipoe.